Kitabu Kimoja kwa Kila Mashine

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu hakutaka kuona cheti changu. Aliniketisha mbele ya taipureta, akanipa karatasi mbili zenye kaboni katikati, akaniambia nimwandikie mteja kwamba mzigo wake umeteremshwa na uko ghalani. Nilikuwa nimetoka chuo cha uhazili juzijuzi, na chuoni tulifundishwa kupamba. Nikaandika barua fupi, kisha nikaizungushia nyota na vistari pande zote, ikawa na pindo kama leso.

Karani Mkuu akaisoma, akavua miwani.

"Bi Rukia, hizi nyota zinamwambia nini mteja?"

Nikamjibu kwamba hazimwambii kitu, ni pambo tu.

"Basi hizo uvae wewe siku ya Idi. Mteja anauliza mzigo wake uko wapi."

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, nikaichapa upya bila nyota. Tangu asubuhi ile nimekula riziki ya maandishi maisha yangu yote, alhamdulillahi, kwanza kwa taipureta, kisha kwa kompyuta za kila namna. Vijana wanaponiuliza siku hizi ni programu gani nzuri ya kuandikia, huwa nawarudishia swali linalofanana na lile. Unataka kumwambia nani, na unamwambia nini? Naye atayasoma maneno hayo kwenye mashine gani? Wakishanijibu, programu hujichagua yenyewe, au karibu na hapo.

Kampuni yetu ilikuwa ya kutoa mizigo bandarini, na ofisi yake ilikuwa Shimanzi, Mombasa, katikati ya magodauni. Malori yakipita, madirisha yalitetemeka, na kila asubuhi tulianza kwa kupangusa vumbi kwenye mashine kwa brashi. Karani Mkuu, Bwana Kazungu, alikuwa Mkristo wa Kaloleni, mtu mrefu asiyepandisha sauti. Alizijua nyakati za sala zetu kuliko baadhi yetu. Adhuhuri ikiingia nami nimezama kwenye barua, alikuwa akipita nyuma yangu na kuniambia kwamba mwadhini ameshaita na barua haina miguu ya kukimbia. Mungu amlipe.

Taipureta ilitufundisha mambo mawili yaliyotutesa baadaye. La kwanza ni kengele. Ulipokaribia mwisho wa mstari, mashine ililia, nawe ukairudisha kwa mkono uanze mstari mpya. La pili ni nafasi. Ukitaka neno lisimame katikati ya karatasi, uligonga kitufe cha nafasi mpaka lifike. Kompyuta zilipoletwa, tuliendelea vilevile. Kila mwisho wa mstari tuligonga kitufe cha kuanza mstari mpya, ingawa hakuna kengele iliyolia, na kila neno tulilisukuma kwa nafasi. Kwenye karatasi barua ilipendeza. Ukiifungua kwenye mashine nyingine yenye herufi pana kidogo, mistari ilikatika ovyo, mmoja mrefu, mwingine neno moja tu.

Aliyetuponya ni fundi wa kompyuta wa kampuni, Bwana Mutuku, Mkamba aliyekuja Mombasa kwa kazi ya reli akaishia kwetu. Alikuwa na maneno ya mzaha, lakini alieleza kwa subira. Alituambia kwamba ndani ya kompyuta kuna programu za namna mbili za kuandikia, na mtu asizichanganye. Namna ya kwanza ni ya maandishi matupu. Hiyo huhifadhi herufi na mistari tu, haijui herufi nene wala rangi wala pambizo. Namna ya pili ni ya kupanga nyaraka. Hiyo huhifadhi maneno pamoja na nguo zake zote, yaani ukubwa wa herufi, vichwa, majedwali na kurasa.

"Ya pili ni bwana harusi na koti lake," alisema. "Ukimpeleka nyumba isiyo na kabati la kutundika koti, utaona vioja."

Nyumba, kwa maneno yake, ni mfumo endeshi, ile programu kubwa inayoamsha mashine na kuzibeba programu nyingine. Kuna Windows, kuna Mac, kuna Linux, na siku hizi simu nazo zina mifumo yao. Maandishi matupu huingia nyumba zote bila kubisha hodi. Nyaraka zenye nguo nyingi huingia baadhi, na nyingine huzivua nguo mlangoni.

Wakati huo kampuni ilikuwa na wateja wengi wa Ghuba, na Meneja alitaka barua zao zianze kwa salamu za Kiarabu. Mimi nilisoma Kurani na Kiarabu chuoni kwa Maalim wetu tangu utotoni, basi kazi hiyo ikanifikia. Kompyuta zetu hazikuwa na Kiarabu. Bwana Mutuku akapata fonti, yaani sura za herufi, ambayo ilivalisha herufi za Kizungu sura za Kiarabu. Ndani ya mashine ni *f*, lakini kwenye skrini na karatasi unaona *ba*. Akabandika chati kando ya kibodi. Kasoro ilikuwa moja: mashine ile ilijua kutoka kushoto kwenda kulia tu, na Kiarabu hutoka kulia. Kwa hiyo, ili mstari utoke sawa kwenye karatasi, ilitubidi tuuandike kinyumenyume, herufi ya mwisho kwanza, mpaka tuifikie ya kwanza. Ofisi nyingi zilizoandika Kiarabu wakati huo zilifanya hivyo, wala hatukuona ajabu. Vidole vyangu vilizoea hata nikawa siitazami chati.

Kijana niliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Said, mtoto wa Maalim Badi wa Kuze, huyohuyo aliyenisomesha mimi. Said aliajiriwa kwetu akiwa mwembamba kama kalamu, mpole, mwenye utani wa chini kwa chini. Babake alikuwa akifunza darsa ya wanawake kila Alhamisi, naye alitamani masomo yake yawe kitabu: mafunzo ya ibada kwa Kiswahili, na dua zake kwa Kiarabu. Said alimwomba Karani Mkuu ruhusa ya kukaa na mashine baada ya saa za kazi. Bwana Kazungu alimuuliza kitabu ni cha nini. Said akamweleza. Karani Mkuu akasema kitabu cha kumfunza mtu kumwomba Mungu hakiwezi kuharibu kompyuta, na funguo akampa.

Nilimwona Said mara nyingi akitia udhu kwenye bomba la uani kabla ya kuketi kuandika. Sehemu ya Kiswahili aliichapa haraka. Ya Kiarabu aliichapa polepole, mstari kwa mstari, kinyumenyume. Kitabu kikatolewa nakala chache, kikasomwa mpaka kurasa zikaregea.

Baadaye mimi nilipandishwa juu, nikawa mhazili wa Meneja. Said aliugua figo, na Mwenyezi Mungu akamchukua kabla hajaoa. Bwana Kazungu alistaafu, akarudi kwao, na miaka ikanifikisha nami kwenye kustaafu. Nilidhani nimemaliza na vibodi. Lakini Bi Nafisa, dadake Said, ambaye sasa ndiye msimamizi wa madrasa ya wanawake pale Kuze, alinijia nyumbani Kibokoni na kusema hanitaki nichoke, ananitaka niketi ofisini kwake asubuhi tu. Nikamkubalia. Kwa Maalim Badi nina deni la herufi ya kwanza niliyoijua.

Ofisi ya madrasa ilikuwa na mashine za makabila yote. Mezani palikuwa na kompyuta ya Windows. Darasani palikuwa na kompyuta za zamani zilizotolewa sadaka, zote za Linux. Bi Nafisa mwenyewe alikuwa na Mac aliyoletewa na mwanawe kutoka Nairobi. Wanafunzi walikuwa na simu zao. Somo likiandikwa kwenye mashine moja, kwenye nyingine lilifika limevurugika, na wasichana walilaumiana nani ameliharibu.

Hilo lilikuwa la kuudhi tu. La kuumiza lilikuwa jingine. Maalim Badi alikuwa amepoteza nuru ya macho kwa presha ya macho, na sasa alianza kusahau. Kila Alhamisi darsa hufungwa kwa dua aliyoitunga mwenyewe ujanani, dua ndefu yenye mizani. Alikuwa akianza vizuri, akifika katikati husimama. Midomo hucheza, neno halitoki. Bi Nafisa humsaidia kwa kuanzisha Fatiha, na kila mmoja hujifanya kwamba dua ndipo inapoishia. Hakuna aliyeihifadhi yote, maana alikuwepo yeye. Nakala ya mwisho ya kitabu chake, ambamo dua hiyo iliandikwa, ilikuwa kabatini ikaingiliwa na mchwa. Iliyobaki ni faili la Said, lililohamishwa kutoka mashine hadi mashine na kampuni, kisha nikapewa mimi siku ya kuondoka pamoja na vitu vyangu.

Tukalifungua kwenye kompyuta ya mezani. Kiswahili kilitoka sawa, isipokuwa mistari iliyokatika. Kila palipokuwa na Kiarabu palijaa herufi za Kizungu zisizo na maana, na vijisanduku vitupu kati yake. Bi Nafisa akaitazama skrini.

"Paka ametembea juu ya kibodi," akasema. Kisha akaketi, na nikaona anajizuia. "Ma Rukia, tutamwambia nini Baba?"

Akasema labda tuchukue dua nyingine za vitabuni tuzitie pale. Nikamwomba asubiri. Juu ya kila somo palikuwa na maneno yaleyale mawili: *iggh lsf*. Sikuyasoma kwa macho. Niliweka vidole kwenye kibodi na kuanza kuyagonga kutoka mwisho kurudi mwanzo, *f*, *s*, *l*, na vidole vikajua kabla yangu. *Ba*, *sin*, *mim*. Kisha *alif*, *lam*, *lam*, *ha*.

"Bismillahi," nikamwambia. "Paka huyo ni ndugu yako. Na kutembea nilimfundisha mimi."

Tulilia kidogo, halafu nikampigia simu Bwana Mutuku. Amestaafu Changamwe, ana kuku na magoti mabaya. Nilipomsomea maneno yale akauliza kama Said aliyaacha mengi. Nikasema kitabu kizima. Akaja siku ya pili yake akilalamika ngazi zetu ni za mbuzi. Mimi nilimtajia herufi, yeye akatengeneza jedwali: *f* iwe *ba*, *h* iwe *alif*, hadi mwisho. Akaiandikia kompyuta maelezo ya kugeuza kila mstari wa Kiarabu, ya mwisho iwe ya kwanza, na herufi zibadilishwe ziwe Kiarabu cha kweli.

Hapa niwaeleze jambo lenye manufaa. Zamani kila mtengenezaji alikuwa na namna yake ya kuhesabu herufi ndani ya mashine. Siku hizi uko mpangilio mmoja wa dunia nzima, unaoitwa Yunikodi, ambao huipa *ba* nafasi yake na *B* nafasi yake, wala haziazimani nguo. Ukihifadhi maandishi yako, tazama palipoandikwa UTF-8 ukapachague. Huo ndio mwandiko wa mpangilio huo ambao mifumo yote huuelewa. Fonti iwe mbaya au nzuri, herufi yenyewe haitapotea.

Herufi zikarudi. Irabu hazikurudi, zile alama za fatha, kasra na dhumma zinazokuonyesha neno linatamkwa vipi. Hizo ndizo zilizokuwa vijisanduku. Bi Nafisa alikuwa tayari kutia irabu mwenyewe, naye ni msomi, lakini akasita. Dua ile ilikuwa ya babake, na penye njia mbili za kulisoma neno hakujua yeye alipita ipi.

Wanavyuoni wetu wana desturi ya kukabilisha. Nakala mpya haiaminiwi mpaka isomwe kwa sauti mbele ya mwalimu, naye asikilize na kusahihisha. Tukaenda kwa Maalim, chumba cha juu chenye dirisha la kuelekea uchochoroni. Nikamwamkia, akanijua kwa sauti. Bi Nafisa akaanza kumsomea kutoka kwenye skrini, bila irabu, kwa kubahatisha.

Neno la kwanza alilokosea, mzee akalirekebisha. La pili vilevile. Alichosahau yeye, mashine ilikuwa nacho. Kilichoipotea mashine kilikuwa kwake, kwenye ulimi, kikisubiri kuitwa. Tulipofika mahali anaposimama kila Alhamisi, Bi Nafisa alisoma neno lililofuata kwa sauti ndogo. Maalim akanyanyua uso.

"Rudia."

Akarudia. Naye akaendelea mwenyewe, mistari miwili bila msaada, mimi nikiandika irabu kwa haraka nisiachwe. Tulirudi asubuhi kadhaa, kila siku mpaka achoke, na hatukumharakisha.

Siku tuliyomaliza aliniuliza ilikuwaje kitabu kikawa hakisomeki. Nikamweleza habari ya fonti na ya kuandika kinyumenyume. Alisikiliza sana.

"Yaani Said kila mstari aliuanza mwisho?"

"Ndiyo, Maalim. Herufi ya mwisho kwanza."

Vidole vyake vikatembea kwenye tasbihi.

"Basi mstari wa mwisho aliuanza na amin," akasema. "Mungu amtakabalie."

Ikabaki kuamua kitabu kikae wapi, na hapo tukashindana kwa heshima. Bi Nafisa alitaka kiwekwe kwenye programu ya nyaraka, chenye pindo la dhahabu na kichwa cha kijani kila ukurasa. Bwana Mutuku alitaka maandishi matupu peke yake, akasema pindo ni la leso. Mimi nikamkumbuka Karani Mkuu na nyota zangu, nikacheka peke yangu. Lakini sikumnyima Bi Nafisa. Kitabu cha dua kinastahili kuvaa vizuri. Nikasema tuwe na asili na tuwe na nguo.

Asili ni faili la maandishi matupu, la UTF-8. Kwenye Windows tunalifungua kwa Notepad, programu ndogo inayokuja na mashine. Kwenye zile za Linux ipo programu ndogo ya namna hiyo, jina hubadilika lakini kazi ni ile. Kwenye Mac ipo TextEdit, ila hiyo huanza na nguo, lazima uiambie mwanzoni kwamba unataka maandishi matupu. Marekebisho yote hufanywa kwenye asili, si penginepo. Kiarabu tunakipa mstari wake peke yake, hatukichanganyi na Kiswahili, kwa sababu kimoja huenda kulia na kingine kushoto, na programu ndogo zikikutana na vyote viwili kwenye mstari mmoja hupanga maneno visivyo. Wala hatugongi mstari mpya mpaka aya iishe. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa ukutani, kwa faida ya walimu wa rika langu ambao bado wanaisikia kengele.

Nguo tunaivalisha kwa LibreOffice, programu ya kupanga nyaraka, kwa kuwa inapatikana kwa mifumo yote mitatu, basi mwalimu wa Mac na msichana wa Linux hufungua kitu kilekile. Tukimaliza tunatoa nakala ya PDF, ambayo ni kama karatasi iliyokwisha chapwa: huonekana hivyohivyo popote, lakini si ya kuandikia. Nguo ikichakaa, au programu ikiacha kutengenezwa, tutashona nyingine. Mwenye programu nyingine anayoipenda sigombani naye, mradi asili yake iko mahali ambapo mtu asiyemjua, baada yetu, ataweza kuisoma.

Alhamisi iliyofuata Maalim aliletwa darasani akishikwa mkono. Bi Nafisa aliwapanga wasomaji. Msichana mmoja alisoma somo kwenye kompyuta ya Linux, akamwachia wa pili kwenye Mac, naye akamwachia mama mmoja mwenye simu, na wa mwisho akasoma kwenye karatasi. Hawakutaja wanasoma wapi. Maalim aliinamisha kichwa muda wote, akisikiliza kwa makini yaleyale aliyonisikiliza nayo nikiwa mtoto, nikitetemeka na juzuu yangu.

Walipomaliza, Bi Nafisa akamuuliza kama ameweza kujua nani alisoma kwenye nini.

"Walikuwa na vitabu tofauti?" akauliza. "Mimi nimesikia kimoja."

Kisha akainua mikono, akaanza dua ya kufunga. Alipofika katikati akasimama, kama kawaida. Bi Nafisa hakuanzisha Fatiha. Wanawake wote walikuwa nayo mbele yao, kila mmoja kwenye mashine yake, lakini hakuna aliyemtangulia. Tukangoja. Maalim akavuta pumzi, akalipata neno, akaendelea nalo polepole mpaka mwisho, nasi sote tukaitikia.